Twita ya zamani ikikukera, angalia kwanza sponji na felti

Kuna kitu naona kila saa mtu akinunua spika za zamani hapa Nairobi, ziwe za mnada, ziwe za mzee wa mtaa anayehamia ushago, ziwe zile zinakuja na kontena za mitumba. Siku za kwanza ni furaha tupu, anapiga santuri usiku kucha. Alafu anaanza kulalamika, ati twita, zile spika ndogo za sauti za juu ndani ya boksi, zinakata masikio, ama kinyume chake, ati juu hakusikiki kitu, na kabla hajamaliza hata kukueleza tayari ako Luthuli Avenue anatafuta twita mpya za kubandika pale. Anatoa twita ya miaka ya 70 iliyopangwa na mtu aliyejua kazi yake, anaweka ya bei ya kutupa, alafu anashangaa mbona boksi lote limegeuka redio ya kinyozi.

Mimi msimamo wangu ni kwamba mara nyingi twita yenyewe haina shida. Kilichoisha ni kile kitu laini walichoiwekea kiwandani, yaani sponji, felti (kitambaa kizito cha nyuzi zilizoshindiliwa), sufu, ama ile mafuta nyeusi inayokaa ndani ya sumaku. Hivyo vitu ni vidogo, ni rahisi, hakuna mtu huvipiga picha akiuza spika, lakini ndo vinaamua kama twita itakuwa tamu ama itakuwa kelele. Na kila kimoja kina mahali pake, ukikihamisha unapata shida mpya bila kuondoa ile ya zamani.

Tuanze nyuma ya twita kwa sababu huko ndo watu hawaangaliangi. Kuba ya twita, yaani kile kipande cha mviringo kinachotetema, ikisukuma hewa mbele inasukuma na ya nyuma pia, kwa nguvu ile ile. Ya mbele inakuja kwako. Ya nyuma inaingia ndani, inagonga chuma cha sumaku ama ukuta wa kachumba kalikojengwa huko nyuma, alafu inarudi, na kwa vile kuba yenyewe ni kitambaa chepesi kilichopakwa gundi laini ama plastiki nyembamba sana, hiyo sauti iliyorudi inapenya inatoka nje ikiwa imechelewa. Piga hesabu kidogo hapa. Kachumba kakiwa na kina cha sentimita 3, kwenda na kurudi ni sentimita 6, na sauti inakimbia kama mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo hiyo safari ni urefu wa wimbi zima la karibu 5.7 kHz. Hapo ndo herufi s inakaa. Kwa hivyo ukisikia mtangazaji anapiga mluzi kila akisema "serikali", inaweza kuwa ni sauti yake ya pili inayotoka nyuma ya kuba, si ukali wa twita. Kipande cha sufu ama felti kikiwekwa huko ndani kinaimeza hiyo sauti kabla irudi.

Kazi ya pili ya hicho kipande ni kutuliza kuba kwenye frikwensi yake ya asili. Kila twita iko na frikwensi moja ambayo ikiguswa hapo inataka kuendelea kucheza yenyewe hata muziki ukinyamaza. Kwa kuba za milimita 25 mara nyingi hiyo ni kati ya 700 Hz na 1,500 Hz. Krosova, ile sakiti inayogawia twita sauti za juu tu, inapunguza umeme unaofika hapo lakini haiumalizi, haswa spika za zamani zenye krosova ya kapasita moja tu (kile kisehemu kinachozuia besi), na hapo kitu cha kutuliza ni muhimu mara mbili.

Sasa mfano. Jirani yangu mmoja Buruburu, mzee mstaafu, ana spika za Kijapani za miaka ya 70, zile za boksi kubwa na grili ya mbao iliyochongwa, kampuni acha nikae nayo. Twita zake si kuba, ni koni ya karatasi, kama sentimita tano hivi. Alizinunua akifanya kazi Mombasa na zilikaa huko miaka mingi sana kabla apande nazo Nairobi. Akaniita. Malalamiko yake yalikuwa ya ajabu kidogo, kwamba spika ya kushoto imekuwa kiziwi na ya kulia imekuwa na mdomo mrefu. Nikamwambia mzee, hizi lazima tufungue. Akasema fungua kijana wangu, lakini fanya haraka kabla mama atoke kanisani, hataki kuona skrubu kwa meza yake.

Twita imeshikwa na skrubu nne na chini yake kuna gundi nyeusi ya kuziba hewa, hiyo unapitisha wembe pole pole ukizunguka, usivute. Ya kushoto ikatoka. Chini ya koni, pembezoni kabisa pale karatasi inapokutana na fremu, kiwanda kiliweka pete ya sponji ili ule ukingo wa koni usipigepige wenyewe. Sasa hiyo sponji haikuwa sponji tena. Nilipoigusa na kijiti cha meno ikashika, nikivuta inavutika uzi mrefu wa kahawia, na sehemu moja ilikuwa imepanda juu ikakaukia kwenye karatasi yenyewe. Yaani robo ya koni ilikuwa imegundishwa. Haiwezi kusonga. Hapo ndo kiziwi wetu. Tukafungua ya kulia, ile ile sponji, kiwanda kimoja, umri mmoja, lakini huku ilikuwa imekauka ikawa unga, ukipuliza inapeperuka, kwa hivyo koni ilikuwa haina kitu cha kuituliza kabisa na ukingo wake unalia wenyewe juu ya muziki. Ugonjwa ni mmoja, dalili mbili zinazopingana. Ukienda kununua twita kwa kusikia tu, ungesema ya kushoto imekufa na ya kulia imechoka.

Sponji nyingi za wakati huo ni za poliurethani, na aina fulani za poliurethani huliwa na unyevu wa hewa, ile minyororo yake ya kemikali inakatwa na maji kidogo kidogo miaka nenda miaka rudi. Joto linaharakisha. Kwa hivyo spika iliyokaa pwani miaka 20 na iliyokaa Nairobi miaka 20 si wa rika moja hata kama zina siriali namba zinazofuatana. Mtu akikuuzia spika muulize zilikaa wapi, ni swali la maana kuliko "zimepigwa sana?"

Kusafisha ni kazi ya uvumilivu. Kijiti cha meno, pamba ya masikio, mwanga mzuri. Usimwage petroli wala thina, hizo zinayeyusha gundi inayoshika koni na koili, ule waya uliozungushwa unaosukuma koni, na hapo sasa utakuwa umeua twita kweli kweli. Baada ya kutoa ile takataka nilikata pete ya felti ya sufu, milimita 3, nikaweka mahali pa sponji bila kuikandamiza kwa koni, inagusa tu. Nilichagua felti badala ya sponji mpya kwa sababu sufu haiozi namna hiyo. Adui wake ni nondo wa nguo, na huyo nafikiri tunaweza pambana naye.

Kwa twita za kuba hadithi ni tofauti kidogo. Kuba zilianza kuuzwa kwa spika za nyumbani na AR-3 ya Marekani mwaka 1958, na tangu hapo kila kampuni imekuwa na dawa yake ya kuzituliza. Wengine ni kipande cha felti juu ya kile chuma cha katikati. Wengine wanatoboa hicho chuma, sauti inapita inaingia kachumba cha nyuma kilichojazwa sufu kidogo. Na hapa kuna kosa moja maarufu sana, mtu anafungua anakuta kasufu kadogo kamelegea, anafikiri kampuni ilibana matumizi, anajaza mpaka pomoni. Ukishindilia hivyo unapunguza nafasi ya hewa, hewa iliyobaki inakuwa springi ngumu, na frikwensi ya asili ya twita inapanda. Inapanda kuelekea pale krosova inapokata, na kwa kawaida tunataka krosova iwe angalau mara mbili ya hiyo frikwensi. Sasa twita inaanza kupiga kelele pale pale ulitaka inyamaze. Kama kasufu kalikuwa kadogo, weka kadogo.

Alafu kuna ferofluidi. Hii ndo ile mafuta nyeusi. Asili yake ni NASA, mwaka 1963 mhandisi anaitwa Steve Papell alitengeneza kimiminika chenye chembe ndogo sana za madini ya chuma ndani yake, lengo likiwa kuvuta mafuta ya roketi kwa sumaku pale ambapo hakuna uzito wa kuyashusha. Miaka ya 70 watu wa spika wakaona hiyo kitu inafaa, wakaiweka kwenye ule mwanya mwembamba wa sumaku ambapo koili inacheza. Sumaku inaishika haitoki. Inapeleka joto la koili kwa chuma, kwa hivyo twita inavumilia nguvu zaidi, na pia inaituliza kwenye ile frikwensi ya asili. Ukipima impedensi, yaani ukinzani wa twita kwa kila frikwensi, ya twita isiyo na ferofluidi utaona mlima mrefu kwenye hiyo frikwensi, ukiweka ferofluidi mlima unakuwa kichuguu.

Shida ni umri. Miaka ikienda hiyo mafuta inazidi kuwa nzito, kwa zingine inakauka inakuwa matope. Koili inajaribu kusonga ndani ya matope. Twita inashuka sauti, na mbaya zaidi hazishuki kwa usawa, kwa hivyo unakuta mwimbaji aliyekuwa katikati amehamia upande mmoja wa sebule. Dalili nyingine ni twita ambayo ukipiga muziki nusu saa inachangamka, kwa sababu matope yamepata moto yakalegea. Ukikutana na hii usikimbilie kulaumu amplifaya.

Kuisafisha inawezekana kama kuba inatoka pamoja na koili yake, unapitisha kipande cha karatasi ngumu ndani ya mwanya, inatoka nyeusi, unarudia na karatasi nyingine iliyolowa alkoholi ya kusafishia mpaka itoke nyeupe, alafu unaweka ferofluidi mpya, matone machache tu, ya uzito unaofaa hiyo twita. Nilisikia fundi mmoja mjini akimshauri mteja aweke mafuta ya cherehani. Jamani. Mafuta ya cherehani hayana chembe za chuma, sumaku haiwezi kuyashika, yatatembea yatalowesha kuba na kufungua gundi ya koili. Na kama twita yako haikuzaliwa na ferofluidi usiiongezee ati ni dawa, krosova yake ilipangwa kwa twita isiyo nayo na utabadilisha mlio wote.

Haya, twende mbele. Hapa ndo kuna felti inayoonekana, ile inayozunguka twita usoni mwa boksi, na hapa mfano bora ni spika ndogo ya BBC inaitwa LS3/5A. BBC waliibuni miaka ya 70 kwa ajili ya magari ya kurekodia nje ya studio, pale hakuna nafasi ya spika kubwa, na watengenezaji kama Rogers, Spendor na Chartwell wakapewa leseni ya kuitengeneza. Boksi ni la lita kama tano tu. Twita ni KEF T27, kuba ya milimita 19. Ukitoa grili utaona twita imezungushiwa vipande vinne vinene vya felti, mraba kamili. Wengi wanafikiri ni urembo ama ni kwa sababu Waingereza wanapenda sufu.

Ukweli ni kwamba kwenye boksi hilo kingo za mbao zinatokeza mbele kuzidi ubao unaobeba spika, kwa sababu grili inaingia ndani. Sasa sauti ya twita haiendi mbele peke yake, inatambaa pia juu ya ubao kwenda pembeni, ikifika kwa ukingo inagonga na kutawanyika upya, na hiyo ya pili inakufikia ikiwa imechelewa. Kama ukingo uko sentimita 10 kutoka kwa twita, kuchelewa kwake ni kama wimbi zima la 3.4 kHz, na kati ya 2 na 5 kHz ndo masikio ya binadamu yanasikia kwa ukali zaidi kuliko popote. Frikwensi zingine zinaongezwa, zingine zinafutwa, matokeo ni mstari wa milima na mabonde na sauti ambayo huwezi kusema ina shida gani ila unachoka kuisikiliza. Felti inameza ile inayotambaa kabla ifike kwa ukingo. Ndo maana ukinunua LS3/5A ambayo mtu alitoa felti "ili twita ipumue", umenunua spika nyingine kabisa.

Lakini sasa hiyo haimaanishi kila boksi lipakwe felti. Nimeona picha za watu wamefunika uso wote wa spika na zulia la gari. Felti nyembamba haifanyi kazi chini, kanuni ya haraka ni kwamba kitu cha kumeza sauti kinaanza kufanya kazi vizuri unene wake ukifika kama robo ya wimbi, kwa hivyo milimita 5 ni ya kutoka karibu 17 kHz, sentimita moja ni karibu 8.5 kHz, sentimita mbili ndo unafika 4.3 kHz. Hiyo zulia ya milimita 3 inakula tu zile za juu kabisa, ambazo mtu wa umri wangu tayari masikio yameshazila. Alafu kama boksi lako lina kingo za mviringo na uso tambarare, hakuna kitu kikubwa cha kutibu hapo. Na ukikata tundu usikate duara kamili likizunguka kuba, kwa sababu kila upande wa duara uko mbali sawa na kuba, kwa hivyo chochote kinachorudi kutoka kwa ukingo wa felti yenyewe kinafika wakati mmoja. Mraba ni afadhali, nyota ni afadhali zaidi. Ni sababu ile ile spika nyingi za zamani zina twita iliyosogezwa upande mmoja, na ya kushoto na kulia zinatazamana kama kwenye kioo, walikuwa wanatawanya hizo safari zisilingane.

Kitu kingine cha mbele ni tishu. Ndio, tishu, ile ya choo. Yamaha NS-10M ilitoka mwaka 1978 kama spika ya nyumbani ikaishia kuwa kwenye kila studio duniani, na twita yake ilikuwa kali kiasi kwamba mainjinia wakawa wananing'iniza tishu mbele yake. Ikawa desturi. Mpaka watu wakaanza kubishana ni tishu ya kampuni gani na tabaka ngapi. Bob Hodas, injinia wa Marekani, akaamua kuzipima na kuandika matokeo miaka ya 80, na kilichoonekana ni kwamba tishu haipunguzi tu ile ya juu kwa upole, sauti inagonga tishu inarudi kwa twita inatoka tena, kwa hivyo unapata ule mstari kama meno ya kichana, juu chini juu chini. Mwaka 1987 Yamaha wenyewe wakatoa NS-10M Studio ikiwa na twita iliyotulizwa zaidi, tishu ikawa haina kazi. Mimi hiyo hadithi naipenda kwa sababu inaonyesha vile kitu laini mbele ya twita si chujio tu, ni ukuta pia. Kwa hivyo kabla uweke soksi mbele ya twita kali, tumia rezista (kisehemu cha kupunguza umeme) kwenye krosova, inapunguza karibu kila kitu sawa sawa na haina mwangwi.

Grili nayo iko hapo hapo. Spika nyingi za zamani zilipangwa zikisikilizwa na grili yake ikiwa mahali pake, na LS3/5A ni moja yao, ukiweka grili ya kitambaa tofauti ama ya sponji mlio unabadilika. JBL L100 ya mwaka 1970 ilikuwa na grili nzima ya sponji nene yenye vijisanduku sanduku, rangi ya machungwa, bluu ama kahawia, nzuri ajabu, na karibu zote za asili zimeshakuwa unga. Huo unga unaanguka kwa koni. Ukipata spika kama hizo usizipige kwanza, zilaze chali? Hapana, zisimamishe, pitisha brashi laini na uvute unga ukielekea nje, usitumie vakyumu karibu na kuba maana inavutwa ndani nje na haitarudi umbo lake.

Na pamba ya ndani ya boksi? Hii watu huuliza sana. Jibu fupi, kama twita yako imefungwa nyuma, pamba ya boksi ni mambo ya wufa, ile spika kubwa, na besi, twita haijui hata iko. Lakini zile za koni za zamani zenye fremu iliyo wazi nyuma ni kesi nyingine, hewa ya wufa inasukuma koni ya twita kutoka nyuma kila besi ikigonga, na sauti za juu zinachafuka. Hizo lazima ziwe na kikombe nyuma, chuma ama plastiki, kimezibwa vizuri na ndani kuna sufu kidogo. Nimekuta spika ambapo kikombe kilitupwa na fundi aliyetangulia, sijui alifikiri ni kifuniko cha kusafirishia.

Vifaa hapa mjini si shida kabisa. Felti ya sufu halisi mimi natafuta soko la mitumba la Gikomba, makoti mazito ya baridi na zile kofia za kizungu za felti, kofia moja inatosha twita nyingi. Kujua kama ni sufu choma uzi mmoja, sufu inanuka nywele zilizoungua na inajizima yenyewe, ya plastiki inayeyuka inakuwa tone gumu. Maduka ya vitambaa Biashara Street yana felti ya ufundi ya rangi rangi lakini nyingi ni poliesta na ni nyembamba, inafaa pete ndogo za nyuma, si ya mbele. Sponji ya viti vya magari ya Kirinyaga Road ni ya kukalia, msiniletee.

Kusikiliza nako kuna njia. Watu wanaweka muziki wenye matoazi mengi, mimi naweka taarifa ya habari. Sauti ya binadamu umeizoea tangu uzaliwe, na Kiswahili kina s, sh na ch kila mahali, kwa hivyo mtangazaji akisoma habari za bei ya sukari na mafuta unajua hapo hapo kama s inatoka kwa mdomo wake ama inatoka kwa kona ya boksi. Piga spika moja moja, mono, kwa sauti ya kawaida. S ikiwa na mluzi, angalia nyuma ya kuba. S na sh zikikaribia kufanana na zote ziko mbali, hapo ni matope ya ferofluidi, sponji iliyoganda, ama kapasita.

Maana kapasita lazima nizitaje. Zile za elektroliti za miaka ya 70 zinakauka, ukinzani wake wa ndani unapanda, na twita inapata umeme pungufu. Mlio wake unafanana sana na twita iliyogandishwa. Njia ya kutenganisha ni kutoa twita nje ya krosova na kuipima peke yake. Mita ya kawaida itakuambia tu kama koili iko hai, twita ya omu 8 inasoma kama 5 ama 6 hivi. Ukitaka kujua hali ya ule utulizaji unahitaji mstari wa impedensi, na hiyo si ya matajiri, REW ni programu ya bure ya kupima sauti, unahitaji laptopu, saundi kadi yenye kuingiza chaneli mbili na rezista moja ya omu 100 ya Luthuli. Pima kushoto, pima kulia, weka mistari juu ya mwenzake. Twita mbili zilizozaliwa pamoja zinafaa kufuatana. Mlima mmoja ukiwa mrefu kuliko mwingine, huo mrefu umepoteza kitu cha kuutuliza. Ukiwa umelala kabisa na umehama upande, kuna kitu kimeganda.

Za mzee wa Buruburu sasa zinafuatana vizuri isipokuwa pale kileleni, ya kulia bado imezidi kidogo, nafikiri ile felti haigusi koni upande mmoja. Nitaongeza pete nyembamba chini yake nipime tena. Kapasita nimeshazitoa, za filamu ziko njiani, na kwa sababu za filamu zina ukinzani mdogo kuliko hata zile za zamani zilivyokuwa mpya, nitaweka rezista ya nusu omu mfululizo ili twita zisirudi na ule mdomo mrefu.